Kulipia Potifolio Mtandaoni: Mambo Ambayo Wachoraji Wanaaminishana Bure

Swali ni lile lile, linabadilishwa nguo tu: "Huu ni mwezi wa sita nalipia jukwaa la potifolio, yaani mahali pa kuweka mkusanyo wa kazi zangu mtandaoni, mbona hakuna mteja aliyenitafuta?" Analiuliza mchoraji wa vitabu vya watoto, wa mabango ya afya, hata wa katuni za magazeti. Tuanze nalo, maana ndilo linalowamaliza watu hela.

Dhana: Ukishalipia, wateja watakuona

Kosa linaanzia kwenye kuchanganya vitu vitatu na kuviita vyote jukwaa.

Kuna wanaokujengea tovuti: Squarespace, Wix, Format. Hapo umepanga chumba. Mwenye nyumba hana kazi ya kukuletea wageni, na Google haikupandishi juu kwa sababu unalipa kodi kwa wakati. Kuna jumuiya kama Behance na ArtStation, ambako wengi wanaopita ni wachoraji wenzako, na sifa zao hazinunui unga. ArtStation ni ya watu wa gemu na filamu hasa. Ukiwapelekea sungura na fisi wa hadithi za darasa la pili, umepeleka dagaa kwenye soko la mbao. Halafu kuna orodha za kulipia, kama Directory of Illustration ya Marekani. Humo kweli unalipia kuwekwa mbele ya wanunuzi, ila uulize wanunuzi gani. Kampuni ya matangazo ya New York haitafuti mtu wa kuchora kitabu cha sayansi cha Kiswahili.

Kabla hujalipia orodha yoyote, chagua humo wachoraji watano wa kiwango chako na wa mtindo unaokaribiana na wako. Tazama kama kazi zao za karibuni ni za wateja au ni za kujifurahisha. Waandikie wawili uwaulize wazi: mwaka huu umepata kazi ngapi kupitia hapa? Wakikujibu "sijapata, ila naonekana", funga mkoba wako.

Sasa piga hesabu. Chukulia ada ni dola 15 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 180. Bei inayotangazwa mara nyingi haina VAT, ambayo kwa kiwango cha kawaida ni 16% Kenya na 18% Tanzania Bara. Kwa mchoraji wa Dodoma, kwa kiwango hicho inaweza kufika kama dola 212, bado benki haijakata chake kwenye kubadilisha fedha. Kama kielelezo kimoja kinakulipa dola 40, basi vielelezo vitano na kipande vya mwaka huo umewachorea wenye jukwaa.

Kinacholeta kazi ya vitabu ni kumpelekea kazi mtu anayenunua. Mhariri hana muda wa kuzurura kwenye kurasa zako. Mtumie PDF ya kurasa 10, isiyozidi MB 5, jina la faili liwe jina lako, na kiungo cha potifolio kiwe chini ya barua. Humo ndani aone mhusika mmoja akirudi. Mchore mama ntilie akipepea mkaa, kisha amegeuka anamhesabia mteja chenji, kisha amekaa kichwa chini, mvua imemharibia siku. Kama kwenye picha ya pili sikio limehama na kwenye ya tatu kanga imebadilika maua, mhariri ameshajua shida atakayoipata ukurasa wa 18. Weka pia angalau mchoro mmoja wa kurasa mbili zinazotazamana, wenye nafasi ya maneno, na uso wa mtu usimezwe na mkunjo wa katikati. Wengi wana picha nzuri 40 za watu waliosimama wakitazama mbele. Hazimwambii mhariri kitu.

Vitabu vya leseni huria, yaani ambavyo watu wameruhusiwa kuvitumia na kuvisambaza, mfano vya African Storybook na Book Dash, hubeba jina la mchoraji na vinafunguliwa bure. Kitabu kimoja kizima humo kinamwonyesha mhariri mengi kuliko ukurasa wa mbele wenye picha zinazoteleza.

Dhana: Potifolio ya bure inakushushia hadhi

Hapana. Behance ni ya bure. Na kama tayari unalipia Creative Cloud, kifurushi cha programu za Adobe kama Photoshop, basi Adobe Portfolio ya kujengea tovuti imo ndani yake. Angalia kabla hujafungua mkoba mara ya pili. Pesa ya kutumia ipo, lakini itumie kwa domeni, yaani anwani ya tovuti, yenye jina lako, na uinunue kwa msajili anayejitegemea, mbali na jukwaa. Ukihama, unaielekeza kwingine na kadi zako za biashara zinabaki sahihi. Jihadhari na kadi pepe za simu, zile za kulipia mtandaoni kwa pesa ya simu: siku ya kulipia tena ikikuta salio sifuri, malipo yanagoma, tovuti inazimika, na wewe unajua siku mteja anapokwambia kiungo hakifunguki.

Dhana: Jukwaa la kulipia linazuia wizi wa picha

Kuzima kitufe cha kulia cha kipanya hakumzuii mwenye simu kupiga skrinishoti. Kinga iliyopo ni ukubwa. Pandisha picha ya pikseli 1500 upande mrefu. Kwa 300 dpi (nukta 300 kwa kila inchi, kipimo cha uchapaji mzuri) inachapika sentimita 12.7 tu, haitoshi bango. Faili kubwa libaki kwako mpaka mteja amalize kulipa.

Dhana: Jukwaa limeniharibia rangi

Mara nyingi ni kwamba umehifadhi JPEG katika CMYK, mfumo wa rangi za kuchapa, basi. Ihamishie sRGB, mfumo wa rangi za skrini, ubora 80, kisha uifungue kwenye simu ya bei ya chini kabla ya kulaumu mtu.

Dhana: Instagram inatosha

Inatosha kwa kuonekana. Lakini mhariri asiye na akaunti huombwa kuingia kabla hajashuka mbali, na kwa kawaida kazi zako zimepangwa kwa tarehe, kitabu kikiwa katikati ya picha ya birthday na tangazo la fulana. Chagua kazi 12 hadi 20, uzipange mwenyewe, na barua pepe ionekane bila kubofya. Fomu ya "wasiliana nasi" iondoe. Ujumbe wake unaweza kuishia kwenye spam, na mteja haandiki mara mbili.