Kasha la Kale Sebuleni: Yanayosemwa na Yalivyo

"Kasha la Zanzibar limetengenezwa Zanzibar." Si lazima. Makasha mengi ya zamani ya msaji yaliyopambwa kwa misumari ya shaba yalitengenezwa India, Surat na Bombay zikiwemo, yakaja na majahazi ya kaskazi. Mafundi wa Zanzibar na Lamu nao walitengeneza ya kwao, na bado wanatengeneza. Hapo ndipo mnunuzi huponzwa, maana jipya hupakwa weusi likauzwa kuwa la enzi za masultani. Achana na nakshi za mbele. Tazama chini na nyuma, ambako fundi hakuhangaika kupamba. Skrubu ya kichwa cha msalaba ni ya kuanzia miaka ya 1930, ingawa huenda ni ya matengenezo ya baadaye. Na uwe na sumaku: shaba haikamatwi, kwa hiyo ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa.

"Piga msasa hadi mbao iwe mpya." Hili ndilo linaloua makasha kuliko mchwa. Ule wekundu mzito wa msaji umetokana na mwanga, mafuta na mikono ya watu kwa miaka mingi, nao uko juu juu tu. Mashine ya msasa huuondoa kwa dakika chache na kusaga vichwa vya misumari. Anza kwa brashi laini, kisha kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo. Kausha, paka nta ya nyuki. Mara nyingi kazi huishia hapo. Kama lilipakwa rangi zamani, msasa mkavu ni hatari zaidi, kwani rangi za kale huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto.

"Ndimu na chumvi hung'arisha shaba." Kweli, lakini kwa sinia. Kwenye kasha maji ya ndimu hupenya chini ya bamba na kuacha ukijani kuzunguka misumari. Binafsi naiacha shaba na weusi wake.

"Mafuta ya taa humaliza bungua." Hukauka, yakaacha harufu na hatari ya moto. Kwanza hakikisha wadudu wapo: matundu matupu ni ya zamani, ila unga mpya mweupe ukirudi baada ya kufuta, tia dawa ya mbao tundu kwa tundu kwa bomba la sindano.

"Tranka la bati la bweni halina maana." Lina maana sana, na bei yake ni ndogo. Rangi hubanduka kwa sababu ya zinki iliyofunika bati: rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu yake hugeuka sabuni kwa chini. Lioshe, likwaruze kidogo, paka kwanza praima ya mabati. Ongeza miguu lifike sentimita 40 hadi 45, umepata meza ya sebuleni.

"Chombo cha kuwekea midoli ya watoto hakina hatari." Kifuniko kizito huponda vidole, na komeo linalojifunga lenyewe huweza kumfungia mtoto ndani bila hewa. Ondoa komeo na funga mkono wa kuzuia kifuniko kisianguke. Tranka litobolewe matundu ya hewa nyuma. Kasha la kale usilitoboe. Liweke tu chumba ambacho watoto hawachezi.