Uboreshaji wa klova nyeupe kwa ajili ya malisho

Kuboresha klova nyeupe, mmea wa malisho unaotambaa, Trifolium repens kwa jina la kisayansi, ni kuchagua na kuchavushanisha mimea yake kizazi baada ya kizazi hadi ipatikane aina inayotoa majani mengi huku ikiliwa na mifugo na kubanwa na nyasi. Ugumu wote uko hapo mwishoni. Klova inayostawi ikiwa peke yake kitaluni inaweza kutoweka malishoni baada ya misimu michache.

Chanzo ni umbo lake. Mzizi mkuu hufa mwaka wa kwanza au wa pili, na kuanzia hapo mmea hutegemea mashina yanayotambaa juu ya udongo na kutoa mizizi midogo kwenye vifundo. Mnyama hula majani na vikonyo. Shina likisalimika, majani huchipua tena. Mimea ya majani makubwa kwa kawaida huwa na mashina manene lakini machache. Inafaa kwa ng'ombe wanaolishwa kwa zamu, ila kondoo wasiohamishwa huimaliza. Ile ya majani madogo husongamanisha mashina na kuwavumilia kondoo, lakini mavuno yake ni kidogo. Mboreshaji husaka mimea adimu yenye vyote viwili: jani kubwa kiasi na mashina mengi.

Klova hukataa chavua yake yenyewe, hivyo nyuki lazima walete ya mmea mwingine. Kwa hiyo aina moja ya klova ni jamii ya mimea inayokaribiana, haifanani punje kwa punje kama ngano. Mimea bora hufungiwa ndani ya wavu pamoja na nyuki, mbegu za kila mama huvunwa kando, kisha watoto hupimwa. Wazazi ambao watoto wao wamefanya vizuri ndio huchavushanishwa tena. Wakiwa wachache mno, undugu huzidi na nguvu ya kizazi hushuka.

Kosa linalopoteza miaka ya kazi ni kupima miche iliyopandwa mbalimbali bila nyasi. Jaribio la kuaminika huchanganya klova na nyasi, huingiza mifugo, na hudumu angalau miaka mitatu. Sampuli hukatwa, klova hutenganishwa na nyasi kwa mkono, vyote hukaushwa na kupimwa uzito. Klova ikifikia takriban asilimia 30 ya malisho makavu kwa mwaka, hali ni nzuri. Ikitawala kupita kiasi, ng'ombe huwa hatarini kuvimba tumbo kwa gesi yenye povu. Mbolea ya naitrojeni nayo iwe kidogo, maana ikizidi nyasi huifunika klova na jaribio halisemi kitu.

Kisha kuna suala la mbegu. Chipukizi la kifundo likikua huwa ama tawi ama ua. Ukichagua mimea inayotoa matawi tu, mbegu zitakuwa chache na ghali, na aina hiyo nzuri haitamfikia mfugaji.