Nini maana ya intaneti ya kasi kwa nchi isiyo na bahari

Intaneti ya kasi ni huduma iliyo hewani muda wote, inayobeba data nyingi kwa mkupuo, iwe kwa faiba (nyaya za kioo zinazopitisha data kwa mwanga), minara ya simu au setilaiti. Kwa nchi isiyo na bahari, kama Rwanda, Burundi au Uganda, lipo jambo la ziada: data ikija kwa waya, lazima ikatize kwanza ardhi ya jirani.

Sisi wa Arusha nasi tuko mbali na pwani. Data yetu huingilia Dar es Salaam kwa mikongo ya baharini, yaani nyaya za faiba zilizolazwa chini ya bahari, SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010, kisha hupanda na Mkongo wa Taifa, mtandao wa faiba wa serikali, hadi huku na kuendelea mpaka Namanga mpakani na Kenya. Lakini bei ikipanda, tunaibana serikali yetu wenyewe. Mtu wa Kigali anayepata data iliyopitia Rusumo, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, hana wa kumbana upande huu, ingawa gharama ya njia yote imo ndani ya bando lake.

Kabla ya mikongo hiyo, Afrika Mashariki ilitegemea setilaiti zilizo kilomita 36,000 juu. Ukiuliza kitu, jibu lilikawia zaidi ya nusu sekunde, na bei ilikuwa haikamatiki.

Rwanda haikungoja. Ilitandaza faiba hadi wilayani, na mwaka 2014 ikaanza 4G kwa ubia na kampuni ya KT ya Korea Kusini. Tena ina milango miwili ya kufika baharini: kupitia kwetu, na kupitia Uganda na Kenya. Faida yake ilionekana Mei 12, 2024, EASSy na SEACOM zilipokatika: Tanzania yenye bahari iliumia kuliko Rwanda.

Kuhusu haki ya kupita, Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982 unazipa nchi hizi njia ya kufika baharini, ukitaja treni, magari, hata wapagazi na wanyama wa mizigo. Katika orodha hiyo, nyaya za mawasiliano haukuzitaja. Kwa hiyo bei ya kupitisha data hubaki mikononi mwa makubaliano ya majirani, na kwa maoni yangu meza yake ipo hapahapa Arusha, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.