Dampu ya kerneli: maana yake na namna ya kuisoma kabla ya kupiga Windows upya

Msimu wa korosho, kompyuta ya ofisi ya AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kule Tandahimba au Newala ikianza kuonyesha skrini ya bluu, jibu la kwanza huwa "umeme huo", na la pili "tupige Windows". Yote mawili yanaweza kuwa kweli, lakini kuna faili ndani ya mashine hiyohiyo linaloweza kukuambia ni lipi. Faili hilo ndiyo dampu ya kerneli.

Kerneli ni moyo wa mfumo endeshi: inagawa RAM (kumbukumbu ya muda ya mashine), na kupitia draiva, programu ndogo za kuendesha vifaa, inaongea na diski, printa na kadi ya mtandao. Programu ya kawaida ikikosea, kerneli huifunga na kazi inaendelea. Ikigundua kosa ndani yake yenyewe, tuseme draiva imeandika kwenye eneo la RAM lisilo lake, husimamisha mashine makusudi, maana kuendelea kungeweza kuharibu mafaili kwenye diski. Kabla ya kuwaka upya hunakili yaliyokuwa kwenye RAM wakati ule, yote au sehemu. Zile asilimia zinazopanda kwenye skrini ya bluu ni nakala hiyo ikiandikwa. Ukishikilia kitufe cha kuzima kabla hazijafika 100, umefuta ushahidi.

Umeme ukikatika, hakuna dampu. Kerneli haipati hata nafasi ya kuandika. Kwa hiyo anza na Event Viewer, daftari la matukio la Windows, upande wa System. Tukio namba 1001 la BugCheck lina maana kerneli ilianguka. Tukio 41 la Kernel-Power lenye BugcheckCode 0 kwa kawaida ni umeme, pawa saplai mbovu, au mashine iliyoganda ikazimwa kwa kitufe. Angalia kitu kimoja: tukio 41 huandika namba ya kosa kwa desimali, ilhali skrini ya bluu huiandika kwa heksadesimali (zile zinazoanza na 0x), hivyo 159 pale ndiyo 0x9F ya skrini ya bluu, yaani draiva iliyokwama wakati mashine inalala au kuamka.

Dampu ndogo ziko C:\Windows\Minidump, na majina yake huanza na tarehe, mwezi ukitangulia siku. Kubwa ni C:\Windows\MEMORY.DMP. Usipozikuta, kagua pagefile.sys, faili la diski ambalo Windows hulitumia kama nyongeza ya RAM. Windows huandika dampu humo kwanza, kisha huihamishia kwenye faili lake mashine inapowaka tena. Aliyezima pagefile ili kupata nafasi kwenye C, au aliyeihamishia D, mara nyingi amezima na dampu bila kujua. Programu za kusafisha kompyuta nazo huzifuta. Na diski yenyewe ikiwa inakufa, dampu haina pa kuandikwa. Kosa la 0x7A huashiria hilo mara nyingi. Hapo okoa data kwanza, mengine baadaye.

Kusoma, tumia WinDbg, ni ya bure. Mara ya kwanza itapakua mafaili ya simboli (yanayogeuza anwani za RAM kuwa majina yanayosomeka) kutoka Microsoft, na bando litaumia. Elekeza simboli zihifadhiwe kwenye folda moja, mfano C:\symbols, zisipakuliwe tena. Fungua dampu, andika !analyze -v, kisha tazama namba ya kosa na mstari wa IMAGE_NAME. Ukikuta ntkrnlmp.exe usikimbilie kupiga Windows. Hiyo ni kerneli yenyewe, na aliyepiga yowe si lazima awe ndiye mwizi. Ukikuta jina la draiva ya Wi-Fi au ya antivirus, andika lmvm na jina hilo uone tarehe yake.

Dampu moja haitoshi. Kusanya tatu au nne. Zikitaja draiva ileile, badilisha draiva. Kila moja ikitaja kosa lake na faili lake, leo 0x1A, kesho 0x0A, shuku RAM. Huku pwani, Mikindani hadi Lindi mjini, hewa ya chumvi hushika meno ya RAM, yale ya chuma yanayoingia kwenye sloti. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi hivi, toa RAM, futa meno kwa kifutio safi cha penseli, rudisha mpaka klipu zifunge. Kisha acha MemTest86, programu ya kupima RAM, izunguke mara nne. Kosa hata moja likitokea, jaribu kipande kimojakimoja. 0x124 ni malalamiko ya vifaa: anza na joto, vumbi na pawa saplai.

Kwenye seva ya Linux kazi hii hufanywa na kdump. Sehemu ya RAM hutengwa tangu kuwasha, kwa mfano crashkernel=256M, na kerneli ya pili hukaa humo ikisubiri. Ya kwanza ikianguka, ya pili huamka na kuandika dampu, kwa kawaida chini ya /var/crash. Bila kutenga RAM hiyo hupati kitu. Soma maandishi ya dmesg (ujumbe wa kerneli) yaliyohifadhiwa pamoja na dampu kabla ya kufungua crash, zana ya kusomea dampu, ambayo inadai vmlinux, yaani faili la kerneli, yenye simboli za toleo lilelile hasa.

Ukihitaji msaada wa fundi aliye Dar, mtumie zile ndogo za Minidump. MEMORY.DMP inaweza kuzidi GB moja, na ndani yake huweza kubaki nywila, majina ya wakulima na namba zao za akaunti. Haifai kurushwa kwenye kundi la WhatsApp.