Tenebrizimu: Giza Linapotawala Picha

Tenebrizimu ni mtindo wa uchoraji ambao giza hutawala sehemu kubwa ya picha, huku mwanga mkali wa upande mmoja ukiwaangukia watu wachache tu. Haufanani na ule mchezo wa mwanga na kivuli wa Leonardo da Vinci, ambamo kivuli huingia taratibu ili uso uonekane una umbo. Kwenye tenebrizimu mwanga hukatika ghafla.

Aliyeupa mtindo huu nguvu ni mchoraji Mwitalia Caravaggio, karibu mwaka 1600, enzi ya sanaa iitwayo Baroko ilipokuwa ikianza. Alitanguliza rangi nzito ya kahawia kwenye turubai, kisha akaweka rangi angavu pale tu mwanga ulipogusa. Kwingine aliuacha msingi huo wazi, nao ukawa kivuli chenyewe.

Picha inayouonyesha vizuri kuliko zote, kwa maoni yangu, ni ile ya Yohana Mbatizaji akikatwa kichwa. Aliichora kwa rangi za mafuta mwaka 1608 huko Valletta, Malta, na hadi leo imo katika kanisa la Mtakatifu Yohana. Ina upana wa zaidi ya mita 5. Watu wote wa tukio wamebanana upande wa kushoto, uani mwa gereza. Upanga umeshapiga na uko chini, lakini kichwa hakijatengana na mwili. Mnyongaji amezishika nywele za Yohana, mkono mwingine unachomoa kisu alichokivaa mgongoni ili amalizie. Msichana ameinama na sinia lake, akisubiri kichwa. Bibi mmoja amejishika kichwa kwa uchungu, na ndiye pekee anayeomboleza. Upande wa kulia ni ukuta mtupu, na wafungwa wawili wanachungulia dirishani.

Ukuta ule mtupu una kazi kubwa. Jicho likijaribu kuikwepa damu, halipati pa kutua, linarudi palepale. Na ndani ya damu hiyo Caravaggio aliandika jina lake. Hatujui kazi yake nyingine yenye sahihi. Miaka miwili kabla ya picha hiyo alikuwa amekimbia Roma baada ya kuua mtu.

Mtindo ulienea haraka. Mchoraji wa kike Artemisia Gentileschi aliutumia kumchora Yudithi akimchinja jemadari Holoferne, kisa kilichomo katika Biblia ya Kikatoliki. Mwanga mkali aliuelekeza kwenye mikono ya Yudithi na mjakazi wake, inayomkandamiza jemadari kitandani kwa nguvu za kweli.