Una MS na bega linauma? "Ni ule ule ugonjwa wako" si jibu

Sentensi hii imeshanichosha: "Usihangaike, ni MS hiyo." Ndugu wanaisema, muuza duka la dawa anaisema, na sisi wa kada ya afya tunaisema pia, tena kwa kujiamini. Mtu akishaandikiwa maltipo sklerosisi (MS) kwenye faili, kuanzia siku hiyo shingo, bega na jino lake vyote vinaugua MS. Hana ruhusa tena hata ya kulalia mto mbaya kama watu wengine.

MS inashambulia miyelini, yaani ala inayofunika neva za ubongo, uti wa mgongo na macho. Haishambulii kiungo cha bega wala msuli wa shingo. Kwa hiyo bega la mwenye MS linauma kwa njia tatu. Neva zenyewe zinatoa taarifa za uongo. Au MS imebadilisha namna anavyotembea na kukaa, na bega linabeba kazi isiyo yake. Au bega limeugua kivyake, kama ambavyo lingeugua bila MS. Tiba zake hazifanani. Na wale wa upande wa pili wanaosema "MS haiumi" nao wamekosea, ila hao leo niwaache.

Maumivu ya neva yanaunguza, yanachoma, au yanapiga shoti. Hayajali sana unasogeza bega vipi. Nguo ikigusa tu inatosha. Yanayojulikana sana ni ya shingo: unainamisha kidevu kifuani, shoti inashuka mgongoni hadi mikononi au miguuni, sekunde chache imekwisha. Hii inaitwa ishara ya Lhermitte. Inatisha, lakini yenyewe haiharibu kitu.

Sasa hapa ndipo ninapokasirika. Ishara ya Lhermitte si muhuri wa MS. Upungufu wa vitamini B12 unaileta. Pingili za shingo zilizochakaa na kukandamiza uti wa mgongo zinaileta pia, na tatizo hilo mara nyingine linahitaji upasuaji kabla miguu haijalemaa zaidi. Fikiria mtu wa miaka 55 mwenye MS: miguu inakakamaa, vidole vinashindwa kufunga vifungo vya shati, mkojo unamharakisha. Kila mtu anatikisa kichwa, "MS imeendelea." Huenda kweli. Lakini kama maumivu yanatoka shingoni yanashuka mkono mmoja, vidole fulani tu vinakufa ganzi, na nyama za kiganja zinaanza kubonyea, mimi nauliza habari za shingo kwanza. MS kwa kawaida haili nyama za kiganja.

Tena uliza MRI, ile picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ilipigwa sehemu gani ya mwili. Wengi wana picha ya ubongo tu, shingo haijawahi kuangaliwa. Hapa Dodoma kipimo kipo Hospitali ya Benjamin Mkapa, lakini fomu isiposema shingo, shingo haitapigwa. Na nikiri jambo ambalo vitabu hupita nalo haraka: picha nayo inadanganya. Watu wengi wasio na maumivu yoyote wana pingili zilizochakaa. Ukiona "diski imetokeza" (diski ni mto laini kati ya pingili mbili) kwenye ripoti hujapata mwizi, umepata mtu aliyekuwa eneo la tukio. Mara nyingine MS na pingili vyote vimo, na hakuna anayeweza kukuambia kipi kinachangia kiasi gani.

Mpaka hapo shingo itakapoeleweka, kinyozi anayemalizia kwa kukamata kichwa na kukizungusha hadi shingo ilie "ka!" mwambie asante, nyoa tu.

Bega linapimika nyumbani kwa dakika mbili. Kaa, kiwiko kigusane na ubavu na kikunjwe pembe mraba, halafu peleka kiganja nje kama unafungua mlango. Kisha mwenzako akusaidie kukipeleka, polepole. Akikwama palepale ulipokwama wewe, na panauma, kiungo chenyewe kimekaza, yaani bega lililoganda. Likikuta kisukari pia, linachelewa zaidi kuachia. Yeye akifika mbali kuliko wewe bila shida, tatizo ni udhaifu wa msuli au kano. Akisukuma haraka msuli unamkamata, akienda taratibu unaachia, huo ni mkazo wa neva, na hapo ndipo MS inapostahili lawama. Mara nyingi utakuta mchanganyiko, hasa mkono ambao haujatumika muda mrefu.

Mkono dhaifu usivutwe. Wasaidizi wanamnyanyua mgonjwa kitandani kwa kumshika kwapani au kumvuta kiganja, halafu wanashangaa bega kuvimba. Mshike kiunoni na nyuma ya mbavu. Akikaa, mkono ulale juu ya mto au kanga iliyokunjwa, usining'inie.

Fimbo. Ningeweza kuandika makala nzima kuhusu fimbo. Ya kuchungia ng'ombe inamfaa mchungaji. Kwa mwenye MS ni ndefu mno, inasukuma bega mpaka karibu na sikio, na jioni shingo inawaka moto. Vaa viatu vyako vya kila siku, simama wima, mikono ining'inie. Kishikio kifike pale unapovaa saa, ili ukiishika kiwiko kikunjike kidogo, nyuzi 15 hadi 30. Ishike upande ulio kinyume na mguu dhaifu. Mpira wa chini ukilika, badilisha. Fimbo inayoteleza inakufanya uikabe, na bega halipumziki.

Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20 juu ya shingo. Gawa kwenye vidumu vya lita 5, au sukuma kwa toroli. Wanaopogoa zabibu mikono ikiwa juu ya mabega: dakika 10, shusha, kisha endelea. Wa ofisini kule Mtumba, mji wa serikali, inueni kompyuta ili shingo isiiname.

Joto la Oktoba na Novemba linastahili aya yake. Neva iliyopoteza miyelini inapitisha ujumbe vibaya zaidi mwili ukipanda hata nusu nyuzi ya selisiasi, kwa hiyo maumivu na ukakamavu wa zamani vinarudi mchana na kupungua ukipoa. Hilo si shambulio jipya. Shambulio ni dalili mpya, au ya zamani iliyozidi, inayodumu zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi, na ndiyo maana mkojo unapimwa kwanza. Fanya mazoezi saa 12 asubuhi, kanga yenye maji shingoni. Chupa ya maji moto kwenye ngozi yenye ganzi inaunguza bila wewe kujua. Mtu mwingine aipime kwa mkono wake, ifungwe taulo, isizidi dakika 15.

Dawa kwa kifupi. Diklofenaki haisaidii maumivu ya neva, ila tumbo na figo zitaipata. Amitriptilini, kwa kawaida miligramu 10 usiku kwa kuanzia, inasaidia baadhi ya watu, lakini inaweza kuzuia mkojo, na wenye MS wengi tayari kibofu kinasumbua. Baklofeni inalegeza mkazo. Usiiache ghafla, unaweza kupata degedege. Vidonge vya "vitamini za neva" vyenye B6 nyingi, vikimezwa muda mrefu, vinaharibu neva.

Siku hiyo hiyo nenda hospitali kama shingo inauma na miguu inalegea upya au mkojo umegoma; kama kuna homa, jasho la usiku na kukonda, maana kifua kikuu cha pingili kipo kwetu; au bega la kushoto linauma pamoja na kifua kubana, na hapo usisubiri hata kidogo, huenda ni moyo. Aliyepewa steroidi (dawa za kutuliza shambulio la MS) mara nyingi na ana maumivu ya ndani kabisa ya bega aseme, kwa sababu kichwa cha mfupa kinaweza kufa kwa kukosa damu.

Yapo maumivu yanayobaki bila maelezo baada ya vipimo vyote. Hapo nabadilisha kitu kimoja kwa wakati, wiki mbili mbili: fimbo, kisha mto, kisha mazoezi ya kubana mabega nyuma, mara 10, asubuhi na jioni. Maumivu yakiendelea hadi kesho yake asubuhi, punguza nusu. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia. Na siku ya kliniki njoo na fimbo yako na viatu unavyovaa kila siku, si vile vya kanisani.