Kabla ya Kukodisha Shamba kwa Kampuni ya Sola, Soma Ukurasa wa Tarehe

Mkulima wa Uasin Gishu, Kenya, anayekodisha shamba kwa msimu anaijua hesabu yake. Pesa hulipwa kabla trekta halijaingia, mahindi huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka, kisha shamba linarudi kwa mwenyewe. Mtu wa kampuni ya sola anapofika na karatasi za kukodi ekari mia mbili, wengi huzisoma kwa jicho lile lile la mahindi.

Katika mabaraza ninayohudhuria kikazi, swali la kwanza huwa, "Ekari wanalipa ngapi?" Ni swali halali, ila mimi huomba kwanza nioneshwe ukurasa wa tarehe. Mara nyingi karatasi hiyo haijakodi chochote bado. Ni mkataba wa awali unaoiruhusu kampuni kulifunga shamba, tuseme miaka mitatu au mitano, huku ikitafuta vibali, mkopo na mnunuzi wa umeme. Wakati huo huwezi kuliuza wala kumkodishia mwingine kwa muda mrefu, na unacholipwa ni kifuta jasho, pengine hata hicho hakipo. Kodi kamili huanza siku ujenzi unapoanza. Usipoanza, nayo haianzi.

Kungoja huko hutokea kweli. Mtambo mkubwa wa gridi haujengwi bila mkataba wa kuuza stima, na kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa nchini Kenya amekuwa mmoja, Kenya Power. Machi 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliunda jopokazi la kuipitia mikataba hiyo kwa sababu ya bei ya stima, na mikataba mipya ikasimamishwa. Sasa fikiria mwenye shamba aliyetia sahihi mwaka 2020. Hakuna aliyemdhulumu, ila shamba lake limefungwa na uamuzi uliofanyika Nairobi.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: muda wa kusubiri uwe mfupi, miaka miwili hivi, na kila nyongeza ilipiwe zaidi ya ile iliyotangulia. Haki yako ya kulima iandikwe waziwazi hadi siku utakapopewa notisi kwamba ujenzi unaanza. Na notisi yenyewe iitazame kalenda ya shamba. Ikija Juni, mahindi yamefika kiunoni, nani atalipa mbegu, mbolea na yale magunia ambayo hayatavunwa? Nimeona mkataba wa kurasa arubaini usio na neno hata moja kuhusu jambo hilo.

Usiogope kubishana. Kampuni haikuja kwako kwa sababu ya jua, maana jua liko hata kwa jirani. Imekuja kwa sababu shamba lako ni tambarare, halituami maji, na liko karibu na laini kubwa ya umeme au kituo chake. Kila kilomita ya kuvuta laini ni gharama. Mtambo wa Garissa uliozinduliwa Desemba 2019, wa megawati 50 hivi, umekaa juu ya hekta 85, yaani ekari 210. Ukigawanya unapata ekari nne na kitu kwa megawati moja. Kupata ekari mia mbili zilizoshikana katika eneo la wakulima wadogo si rahisi, na ukikataa wewe uliye katikati, ramani yote inabadilika.

Tukija kwenye kodi, hatari ni kile kiwango kisichopanda. Bei za vitu zikipanda kwa asilimia 5 kila mwaka, shilingi 10,000 zitakazolipwa mwaka wa thelathini zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa kwa takriban 2,300. Mkataba wa sola ni wa miaka 25 au 30, kwa hiyo nyongeza ya kila mwaka ina uzito kuliko ile bonasi ya kutia sahihi ambayo watu huishangilia.

Sheria nayo ina milango yake. Kukodisha shamba la kilimo katika eneo linalosimamiwa na bodi ya udhibiti wa ardhi kunahitaji idhini ya bodi, inayoombwa ndani ya miezi sita tangu makubaliano. Kampuni ikiwa na wanahisa wasio raia, sheria inaitaka bodi iikatae, isipokuwa Rais awe ameipa msamaha. Muulize mtu wa kampuni kama ana karatasi ya msamaha huo. Shamba la mume na mke halikodishwi bila ridhaa ya wote wawili. Na hatimiliki ikiwa bado ina jina la babu aliyefariki, anzeni na mirathi mahakamani, hata kama kampuni inasema ina haraka. Haraka ni yake.

Benki itakayoikopesha kampuni itataka dhamana. Kampuni iweke rehani haki yake ya upangaji tu. Hatimiliki yako isiguswe. Vilevile nguzo za chuma zinapigiliwa ardhini mita moja na nusu au zaidi, na nyaya zinafukiwa kwenye mitaro. Miaka ikiisha nani atazing'oa? Kampuni inayomiliki mtambo mmoja tu inaweza kubaki jina tu mwishoni, bila mali, kwa hiyo dai dhamana ya benki ya gharama za kung'oa, iwekwe mapema, mtambo ukiwa bado unaingiza pesa.

Majirani wasiokodisha chochote wahusishwe pia. Mradi wa upepo wa megawati 60 kule Kinangop, Nyandarua, uliachwa mwaka 2016 baada ya migogoro ya ardhi na maandamano ya wakulima, licha ya kuwa na mkataba wa kuuza umeme.

Kuhusu kulima chini ya paneli, inawezekana. Huko Isinya, Kajiado, watafiti waliinua paneli juu vya kutosha kupanda mboga chini, na kabeji za kivulini zikawa kubwa kuliko za juani. Ila chuma cha kuinua paneli ni ghali, na katika mitambo mikubwa paneli hukaa chini. Mahindi yasahau.

Nyasi ni jambo jingine. Mzee mmoja barazani alinyamaza muda wote tulipokuwa tukichambua kodi na dhamana, kisha akauliza, "Na zile nyasi ni za nani?" Mkataba ulikuwa kimya. Mvua ikinyesha nyasi hurefuka kati ya safu, zikiweka kivuli kwenye paneli, na kampuni hulipa watu wa kuzifyeka, huku mwenye shamba akinunua marobota ya nyasi nje ya ua. Wakili wa kampuni alitabasamu, akaongeza kifungu kwa kalamu: kondoo wa familia wataruhusiwa kulisha ndani ya ua. Mzee akataka mbuzi waandikwe pia. Mhandisi akakataa katakata. Mbuzi hupanda juu ya paneli, na hutafuna nyaya.